Mzee Subiri na Harusi ya Getini

Mji wenyewe ulizaliwa na reli, wala haujawahi kuona haya kusema hivyo. Zamani injini za mvuke zilisimama hapo kunywa maji, basi. Waliojenga tangi wakajijengea vibanda, wenye vibanda wakaoa, na waliooa wakataka soko. Reli ikabaki katikati: upande huu stesheni, kota za wafanyakazi na ukumbi, upande ule soko, shule na watu wenye makelele. Baina ya pande hizo mbili palikuwa na geti, na kwenye geti palikuwa na Mzee Subiri.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mjini aliitwa Mzee Subiri, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu, mkubwa kwa mdogo, akishazungusha mpini na kuteremsha vile vyuma viwili vyenye mistari myekundu na myeupe. Mkuu mmoja wa serikali aliwahi kumpigia honi mpaka betri ya gari ikachoka. "Subiri," akaambiwa. Mama mkwe wake mwenyewe alisimamishwa juani na kuku mkononi, na mpaka leo hajasamehe, yeye wala kuku.

Ukali huo haukutoka hewani. Ujanani yeye na rafiki yake, waliokuwa chanda na pete, walikuwa na mchezo wa kupita chini ya mabehewa yaliyosimama. Siku moja mabehewa yakashtuka bila honi wala kengele. Yeye alikuwa ameshatoka. Mwenzake alikuwa amebakiza mguu mmoja, na huo ndio ulioenda. Siku hizi mwenzake ni fundi viatu, na meza yake iko pale pale kando ya kibanda cha geti. Hujisifu kwamba hakuna anayefaidi kama yeye, maana soksi jozi moja humtosha mara mbili. Wote wawili hucheka, ila Mzee Subiri hucheka macho yake yakiwa kwenye reli.

Sasa, watu wa mji huo hawapangi jambo kwa saa. Hupanga kwa treni. Kikao huwa "kabla ya abiria", kunyoa huwa "baada ya mizigo", na mgonjwa akiulizwa homa ilimwanza lini, hujibu, "Mizigo ilikuwa ndiyo inaingia." Kwa hiyo kitindamimba wa Mzee Subiri alipochumbiwa na mwokaji mikate wa upande wa stesheni, kila mtu aliona ni sawa kabisa harusi iwe baada ya mizigo. Msajili wa ndoa, mama mmoja mwenye miwani aliyefika mjini mara moja kwa mwezi, angefungisha ndoa ukumbini, kisha aondoke na treni ya abiria. Bwana harusi na jamaa zake wakatangulia huko. Bibi harusi akabaki nyumbani, upande wa soko, kungoja mizigo ipite.

Mizigo ikaja. Haikupita.

Siku hiyo walikuwa wameifungia injini mbili na mabehewa yasiyokwisha. Kichwa kilikuwa kimeshavuka daraja la mto na mkia haujatoka mlimani, na mbele ya geti mabehewa ya saruji yalitulia tuli. Karani wa stesheni akaja mbio kwa upande wake, akapaza sauti kupitia mwanya wa mabehewa: "Mzee! Inangoja abiria ipite kwanza, kwa njia ya pili ya huku!"

Hata mtoto wa chekechea angeielewa hesabu hiyo. Mizigo haiondoki mpaka abiria ipite, na abiria ikipita inaondoka na msajili. Msajili akiondoka hakuna harusi mpaka mwezi ujao, na mwokaji alikuwa ameshapamba keki.

Mji mzima ukajazana getini, pande zote mbili. Wachache walikuja kumpa pole Mzee Subiri. Wengi walikuja kuona leo atafanyaje.

"Sheria ni msumeno," wakanong'onezana. "Leo unamkata seremala mwenyewe."

Kutoka ng'ambo mjomba wa bwana harusi akapiga kelele: "Mzee mwenzangu, subira huvuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo! Mpitishe mtoto chini ya behewa, tumalize!"

Bibi harusi akafika na mama yake, pindo la gauni limekusanywa mkononi lisishike vumbi. Alisimama nyuma ya chuma, akatazama viatu vyake vyeupe. Mama yake ndiye aliyesema.

"Baba watoto, treni imelala hiyo. Hata mbuzi wanapita. Mara moja tu, kwa ajili ya mwanao."

Mzee Subiri alimpenda binti huyo kuliko kazi, kuliko jina lake mjini, na alijua akikataa, siku hii haitasahaulika. Mkono wake ukaenda kwenye mpini. Fundi viatu akaacha kushona. Hakutamka kitu, na hilo lilimuuma Mzee Subiri kuliko lawama, kwa sababu rafiki yake hakuwahi kukosa la kusema. Mpini ukazunguka kidogo. Chuma kikanyanyuka, kiasi cha mtu kuinama na kupita.

"Shusha, baba," bibi harusi akasema.

"Pita, mwanangu."

"Sipiti. Nimekulia kwenye kibanda hiki, nimekuona ukizuia kila mtu. Nikipita mimi leo, kesho watapita watoto wa shule. Utawaambia nini? Shusha tu, baba. Nitaolewa mwezi ujao."

Mzee Subiri akashusha. Machozi yakamtoka mbele ya mji mzima, wala hakuyafuta.

Hapo fundi viatu akapata ulimi wake. "Kwani ndoa inafungwa kwa miguu? Mimi nilifunga nikiwa na mmoja, na imeshika mpaka leo! Ndoa ni kauli. Mleteni msajili hapo ng'ambo!"

Msajili akaletwa, akapandishwa juu ya stuli. Akachungulia kwenye mwanya, akarekebisha miwani. Alisema kazi yake ni kuona na kusikia: bibi harusi anamwona, ila ili asikie, watu wanyamaze. Kutia sahihi, maharusi wangemfuata ofisini kwake wiki ijayo. Watu wa upande wa soko wakanyamaza, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu reli ijengwe.

Mwokaji alipoulizwa, alijibu kwa nguvu mpaka kofia ikamdondoka. Bibi harusi akajibu naye, sauti ikapotelea kwenye vyuma.

"Amesemaje?" wakauliza ng'ambo.

"Amekubali!" soko lote likajibu.

Msajili akashukuru, lakini akasema hakuja kulifungisha ndoa soko zima, anamtaka mhusika. Bibi harusi akaweka viganja mdomoni: "Namkubaliii!" Vigelegele vikapasuka pande zote mbili za saruji.

Abiria ikaja, ikaondoka na msajili na kipande chake cha keki. Mara mizigo ikashtuka, behewa kwa behewa, bila honi wala kengele, na kelele zote za harusi zikakatika. Wale waliosema "mpitishe" wakatazama chini. Behewa la mwisho likapita, na ng'ambo akaonekana mwokaji, kofia imekaa upande, anacheka peke yake.

Reli ilikuwa tupu. Geti halikunyanyuka.

"Mzee, imeshapita!" wakamwita. "Fungua!"

Mzee Subiri alikuwa ameushika mpini. Hakuna sheria iliyomzuia, ila mikono ndiyo iliyokataa. Miaka yote alikuwa akiwafungulia watoto wa wenzake. Huyu alikuwa wake, na akishavuka, usiku hatarudi upande huu kulala.

"Mwacheni kidogo," fundi viatu akasema, na wakamwacha.

Bibi harusi akaenda kibandani, akaweka mikono yake juu ya mikono ya baba yake, wakazungusha mpini pamoja mpaka vyuma vikasimama wima. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, kama alivyofundishwa tangu utotoni, na akavuka. Mzee Subiri hakuuachia mpini mpaka alipomwona amefika.