Mtoto wa Dirishani Hana Nyota

Asubuhi hii Mjomba Flashi anaingia studioni kwake kinyumenyume. Jamani, si utani! Mpiga picha mzima, kalipa mgongo dirisha lake mwenyewe, anapapasa swichi ya taa kama mwizi.

"Nikimtazama, ananikazia macho," ananong'ona.

Anayemkazia macho ni picha. Mtoto wa kike, gauni la njano, katundikwa dirishani. Ngozi kama kioo, macho meusi tii. Wapita njia wanaapa yanawafuata hadi kona.

Aliyepigwa ni Malkia, kama anavyoitwa kwao, binti wa mshona nguo wa mlango wa pili. Malkia ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo, yenye alama zake usoni na mwilini. Mama yake aliagiza picha kubwa ya sebuleni, na Mjomba Flashi, kwa nia njema kabisa, akaisafisha. Kwa watu wa picha, kusafisha ni kufuta chunusi, makovu, vumbi.

"Nikakuta vidoa vyeupe vimezunguka mboni. Nikajua vumbi la lenzi hilo. Nikafuta."

Macho yamepanda pembeni, akayashusha. Masikio madogo, akayavuta. Ile picha ya mwanzo? Kaifuta pia!

Mama Malkia alipoiona aliirudisha mezani. Kisha: "Kusafisha? Nani kakwambia mwanangu mchafu?"

Malkia akajificha nyuma ya sketi. "Mama, huyu nani? Mbona kavaa gauni langu?"

Mama akaikataa. Mjomba Flashi akaona isipotee bure, akaitundika dirishani. Tangu hapo Malkia hakanyagi studio, na ukuta wa sebuleni kwao uko mtupu. Mjomba naye akifungua picha nyingine alizosafisha, bibi harusi, babu wa pasipoti, wote wanamtazama kwa macho yale yale.

"Mtoe huyo, shemeji," Mama Malkia alimwambia jana, "ndipo mwanangu aje."

Basi leo anamtoa. Anamfungia kabatini, uso ukutani. Malkia anachungulia mlangoni, anaona msumari mtupu, anaingia.

"Haya, mtazame machoni vizuri sasa," mama yake, aliyemfuata nyuma, anamwambia Mjomba.

Mjomba Flashi anainama. Anaganda. "Lo! Vile vidoa vya mboni, kumbe nyota."

"Ehee! Na kiganja je? Mstari mmoja tu, umekatiza kama barabara. Kidole gumba cha mguu kimejitenga na wenzake, ndala zinamkaa kuliko mimi!"

Malkia anamtolea Mjomba ulimi. Kamera inalia.

Picha inatoka vilevile, bila kuguswa. Malkia anaibandika kidole puani. "Mimi!"

"Nataka dirisha zima liwe la watoto kama huyu," Mjomba Flashi anasema, macho yamemlowa. "Na nyota zao zote. Sifuti tena."

Mlangoni Malkia anageuka. Anaupungia ule msumari mtupu. "Kwaheri, dada."

"Unampungia nani?" mama anashtuka.

Mjomba Flashi hageuki. "Shemeji," anasema taratibu, "nisaidie kulibeba hili kabati nje."