Jiwe la Pikapu ya Baba

Baba alipofariki alituachia migomba, redio, na pikapu ya dizeli iliyozaliwa, nadhani, siku moja na milima ya Uluguru. Aliiegesha mteremkoni mbele ya nyumba, jiwe mbele ya tairi. Kila alfajiri baada ya swala aliita, "Mama watoto, jiwe!" Mama akilitoa, gari linaserereka, baba anaachia klachi, injini inakohoa mpaka Dumila wanaisikia. Sisi watoto tulidhani pikapu zote huwashwa hivyo.

Arobaini ilipopita nikapanda kijijini na mita yangu ya kupimia umeme. Nimesomea umeme wa magari, masomo ya jioni, na cheti changu ni kikubwa kuliko dirisha. Sasa ndizi za sokoni ningeshusha mimi, na habari za mteremko sikuzitaka.

Nikapima betri: volti kumi na moja na ushee. Nikaliwasha gari kwa mteremko, nikapima tena: ileile, wakati ilipaswa kupanda mpaka kumi na nne. Mkanda umekaza, fyuzi nzima, waya safi. Basi ni altaneta, ile inayochaji betri. Kuifungua, kaboni zake za ndani zimelika zimebaki kama kucha. Na ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi, baba alikuwa ameiziba kwa plasta ya kidonda. Mzee alijua, akanyamaza.

Nikaweka kaboni mpya, nikazunguka na gari mpaka jioni betri ishibe. Asubuhi nikazungusha ufunguo, likawaka kabla sijamaliza bismillahi.

Mama alikuwa ameinama pembeni ya tairi, mikono juu ya jiwe.

"Limewaka?"

"Limewaka, mama. Mambo ya mawe yamekwisha. Wewe pumzika."

"Nipumzike nifanye nini, baba?"

Nikazima injini.

"Mama," nikaita, "jiwe!"

Akalitoa. Gari likaserereka, nikaachia klachi. Kwenye kioo nilimwona amelikumbatia jiwe kifuani, ananitazama mpaka nikakata kona.

Tukaenda hivyo kila asubuhi, betri imejaa pomoni. Mafundi wenzangu mjini walinicheka nusura meno yawadondoke.

Masika haya mama naye kaondoka. Pikapu naiegesha palepale. Nazungusha ufunguo, inawaka mara moja. Jiwe lipo kibarazani, alipoliweka.