Mgonjwa Niliyempa Maksi Tatu

Nichekeni tu jamani, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile najifunika uso na leso. Wakati wa korona nilikuwa muuguzi msimamizi wa chumba cha majeruhi katika hospitali moja huku Garsen, na nilikuwa na mpango ulionitia wazimu wa furaha: majeruhi akifika getini apimwe joto hapo hapo, mwenye homa aingie hemani kwa wenzetu waliovaa magwanda ya kujikinga, asiye na homa apite ndani, asiachwe mtu kuvuja damu huku sisi tunabishana kama ana korona au hana (ilishatutokea, na iliniuma sana).

Basi tukaandaa zoezi, wakubwa wa kaunti wakaja kutoka Hola, wakakaa kwenye viti vya plastiki kimoja huku kingine kule. Wagonjwa wa kuigiza walikuwa wawili, Komora mtunza bustani wetu, na mwalimu mmoja aliyetafutwa na daktari mkuu, ambaye mimi sikuwahi kumwona. Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa sababu nilisema huyo mwalimu nisiambiwe anakuja saa ngapi wala ameumia wapi, aje kwa kushtukiza, ndiyo raha ya zoezi.

Komora akaanza. Tulimpaka nyanya ya kopo mguuni, na mtu huyo alilia, akamwita mama yake, akaaga watoto (hana hata mmoja), wageni wakapiga makofi na mimi kichwa kikavimba. Makofi hayajaisha, pikipiki ikaingia na wanaume wawili, wa nyuma kamwegemea dereva, shuka imefungwa ubavuni na imelowa nyekundu, barakoa imempanda mpaka machoni, naye kimya, anatazama mbele tu. Nikajua mwalimu wangu huyo! Nikashika kipaza sauti (eh, tulikuwa nacho, mambo makubwa) nikawaambia wageni, "Huyu nampa maksi tatu kwa kumi. Mtu aliyeumia hivi halii? Ndugu, hebu lia kidogo tukusikie."

Watu wakacheka. Dereva hakucheka.

"Sista, huyu ni ndugu yangu, Guyo," akasema polepole. "Ng'ombe dume imempiga pembe. Kwetu mwanaume halii. Hiyo damu ni yake."

Na mimi ni Mpokomo wa Kinakomba, nimekua na Waorma kama hawa, nimekunywa maziwa yao, jambo hilo nalijua tangu utoto! Nikapaza sauti kwamba hili si zoezi, huyu ameumia kweli, na wageni wakapiga makofi zaidi, wenzangu hemani wakanionyesha dole gumba, wakidhani naigiza vizuri. Nilitaka kulia mimi. Mpaka simu ya daktari mkuu ikaita, mwalimu anaomba radhi, amepata pancha njiani, ndipo daktari akaruka kutoka kitini na kila mtu akakimbia.

Na hapo, jamani, mpango wangu ukafanya kazi! Joto likapimwa, lipo juu, Guyo akaingizwa hemani, waliovaa magwanda walikuwa tayari, damu ikazuiwa, dripu ikatundikwa, na alipohitaji kuongezewa damu wa kwanza kukunja mkono alikuwa Komora, nyanya bado mguuni. Nilikuwa na aibu na furaha kwa pamoja, sijui ipi ilizidi.

Guyo akapona. Siku ya kutoka alisimama mbali kidogo, kama tulivyoagizwa wakati ule, akaniambia, "Sista, siku ile nilikuwa karibu kulia. Uliponiambia nilie mbele ya watu, ndio nikashindwa kabisa."

Tangu hapo zoezi la kushtukiza sitaki hata kulisikia, na kipaza sauti nilikirudisha stoo kwa mkono wangu. Na wakija majeruhi wawili getini, mmoja anapiga mayowe na mwingine amenyamaza, anayepiga mayowe bado ana pumzi, atanisubiri. Namkimbilia kwanza aliyenyamaza.