Kipima Pamba cha Wifi Paskazia

Wifi yangu Paskazia ana vitambaa saba vya makochi, na vyote vina matundu. Si panya. Ni matone ya risasi anayoyeyusha kuunganishia nyaya zake pale sebuleni, miwani ikiwa imeteremka puani na ulimi umechungulia nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Kaka yangu Maige alipomwoa kutoka Geita tuliambiwa anajua kutengeneza taa za kichwani za wachimbaji. Tukafurahi. Hatukujua kwamba mtu wa namna hiyo haishii kwenye taa.

Naishi nyumba ya pili tangu nilipoachana na mume wangu, kwa hiyo mengi nimeyaona. Nimeiona feni aliyoiunda kwa mota ya cherehani iliyokufa. Badala ya kupuliza ilivuta, ikala pazia. Nimeliona pia boksi lake la kuangulia vifaranga. Mayai thelathini ya mama yetu, anayeishi chumba cha uani kwao, yaliingia humo mabichi, siku ya pili yakatoka yameiva. Sisi tuliyala kwa chumvi. Mama hakula. Tangu siku hiyo, kila akisikia harufu ya risasi, husema maneno ya Kisukuma ambayo sitayatafsiri, kisha huongeza kwa Kiswahili ili mkamwana aelewe, "Huyu hajawahi kuunda kitu kikafanya kazi."

Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli, na Paskazia ilimuuma. Siku moja tukichambua mchicha aliniambia, "Wifi, nataka kitu kimoja tu kifanye kazi mbele za watu. Kimoja. Baada ya hapo mnaweza kunizika." Nilicheka, lakini yeye hakucheka.

Mwaka huu Maige akaamua kugombea uenyekiti wa chama cha ushirika cha kijiji chetu. Hoja yake ilikuwa pamba safi. Sasa wilaya yetu nzima ya Kishapu inajua kwamba pamba yetu inapenda maji. Mtu anainyunyizia kidogo kabla ya kuipeleka mizanini, iwe nzito. Wengine huongeza mchanga, lakini huo ni ukosefu wa adabu. Kila mtu anafanya na kila mtu analaani.

Paskazia akaona mlango umefunguka. Alichukua spoku mbili za baiskeli, transista ya redio mbovu, kile kitufe cha kuongezea sauti, na king'ora cha alamu ya pikipiki. Akachoma, akapuliza, akachoma tena, na kitambaa cha saba kikapata tundu lake. Ukichomeka spoku kwenye pamba kavu, kimya. Ukizichomeka kwenye pamba yenye maji, king'ora kinalia. Mimi nilizishika kwa viganja vya jasho, kikanipigia kelele. Kuanzia hapo nikakiheshimu.

Siku ya kufungua msimu tulikusanyika mbele ya ghala, magunia yamepangwa foleni hadi barabarani. Maige akapanda juu ya kiti. "Aliyeficha maji leo ataumbuka," akasema. "Na ili msiseme napendelea, tunaanza na magunia ya nyumbani kwangu." Watu walimpigia makofi, ingawa si kwa nguvu.

Paskazia akachomeka spoku kwenye gunia la kwanza. King'ora kikalia hadi mbuzi wakakata kamba. La pili, kikalia. La tatu, vilevile. Maige alibaki juu ya kiti hajui ashuke au akae.

"Mama Nelly," akamwambia mkewe polepole, "si betri hizo? Kimeharibika hicho."

"Kama yale mayai," akasema mtu nyuma yangu, na watu wakacheka kwa ahueni. Wote walitaka kiwe kimeharibika. Pamba yao ilikuwa kwenye foleni ileile, imekunywa kama yetu. Neno moja tu la Paskazia, na mumewe angepona, kijiji kingepona, mimi ningepona. Gunia langu lilikuwa la nne.

Paskazia alimwendea Sostenes, karani wa mizani, akaomba konzi ya pamba kavu ya sampuli. Akachomeka spoku. Kimya. Akarudi kwenye gunia letu. Kikalia.

"Baba Nelly," akasema, "kizima."

Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumnyonga, vyote kwa wakati mmoja. Ndipo mama yetu akanyanyuka kwa fimbo yake, akajikongoja mpaka mizanini.

"Ni mimi," akasema. "Ndoo mbili, jana. Nafanya hivi tangu baba yenu yuko hai, na hakuna karani aliyewahi kunikamata." Akakitazama kile kidude kwa muda mrefu. "Hiki kimesema kweli." Kisha akarudi kukaa.

Siku ile hakuna gunia lililopimwa. Yote yalirudi nyumbani kukauka. Kwenye uchaguzi Maige alipata kura kumi na moja, na yangu haikuwamo. Siku nne hakumsemesha mkewe. Siku ya tano tochi yake ilikufa, akalazimika kumsemesha.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilikuwa sebuleni kwa Paskazia mama alipoingia. Hakuwa ameingia humo tangu yale mayai. Alikuwa amebeba beseni la pamba kichwani, na kikombe cha bati mkononi.

"Shikamoo mama," Paskazia akasimama.

"Marahaba, mayu," mama akamwita "mama" kwa Kisukuma, akakaa kwenye kochi, akalipapasa tundu moja la kitambaa kwa kidole. Halafu akasema, "Kile kitu chako kinafanya kazi. Kinafanya kazi vizuri sana."

Paskazia akafunika uso kwa khanga. Alilia kweli, mabega yakimtikisika, na mimi pia machozi yalinitoka, sina haja ya kuficha. Mama akamwacha alie mpaka atosheke. Kisha akalisogeza beseni karibu, akachota maji kwa kikombe chake kwenye ndoo ya kunywa.

"Sasa niambie, mkamwana wangu," akasema. "Kinaanza kulia kikombe cha ngapi?"