Wameshatenga ng'ombe wa PhD yangu, na mimi bado niko sura ya nne

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kwako. Jina langu lifiche kabisa, na picha ya kuwekea usichague mwanamke mwenye miwani, watu watanijua.

Nina miaka thelathini na tisa, nina mume na watoto wawili, naishi Mkolani hapa Mwanza na ninafundisha chuo. Huu ni mwaka wa sita nasoma PhD. Utafiti wangu ni wa akina mama wanaoanika dagaa ziwani, kwa nini wengine wameacha kuanika mchangani wakahamia kwenye chanja zilizoinuliwa juu ya ardhi, na wengine wamegoma katakata. Data nilishakusanya zamani. Kilichobaki ni kukaa chini niandike, na hapo ndipo pananishinda.

Jamani, mimi si mvivu. Mume wangu akitoka na watoto asubuhi nabaki na nyumba tulivu, nafungua kompyuta, nasoma sentensi ya mwisho niliyoandika, nainuka. Nakumbuka maharage hayajachambuliwa. Nachambua. Narudi, nabadilisha ukubwa wa herufi za vichwa vya habari, nainuka tena. Nimeshapiga pasi mpaka mataulo! Mume akirudi ananiuliza kama nimeandika, namjibu nimeandika, halafu nakwenda jikoni haraka asinione usoni.

Kosa langu kubwa nililifanya Pasaka. Tulikwenda Magu kwa mama, na mama akaniuliza mbele ya ndugu wote kama hiyo shule bado tu haiishi. Nikaona aibu. Nikajibu nimeshamaliza, yamebaki masahihisho madogo madogo. Ulimi huu! Jumapili hiyohiyo mama akasimama kanisani kutoa shukrani, akasema binti yake sasa ni daktari, tena siyo wa sindano.

Mwezi haukuisha, ndugu wakakaa kikao. Sherehe ni Desemba. Sare imechaguliwa, kitenge cha bluu, na gauni langu nimeletewa likiwa limeshonwa tayari. Na wametenga ng'ombe, dume jekundu, wakampa jina Daktari. Kwetu ng'ombe akishatengwa kwa jambo harudi kundini kimyakimya, kila jirani anajua anangoja nini. Mama akipiga simu siku hizi hata haniulizi masahihisho, ananipa habari za Daktari tu. Kanenepa. Juzi kavunja ua wa jirani. Nacheka naye kwenye simu, nikikata natafuta nguo za kupiga pasi.

Basi wiki tatu zilizopita msimamizi wangu akaniandikia mistari miwili tu. Anataka sura ya nne na ya tano kabla muhula haujaisha, la sivyo ataiarifu idara kwamba hana tena mwanafunzi. Mnajua nilifanya nini? Nilijiambia nahitaji data za nyongeza, nikachukua daftari nikaenda ziwani.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, nilimkuta Mama Neema, mmoja wa wale niliowahoji mwanzoni. Alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja. Tukasalimiana vizuri, nikafungua daftari nikamuuliza mvua ikija ghafla anafanyaje. Akaacha kugeuza, akaniangalia.

"Mwalimu, swali hili uliniuliza nikiwa na mimba ya Neema. Neema sasa yuko chekechea. Majibu yangu uliyapeleka wapi?"

 Nikaanza kujieleza kwamba kuandika ni kazi ya kichwa, inataka utulivu, inataka mtu uwe na hamu nayo. Alicheka kweli, siyo kwa ubaya.

"Na mimi nikingoja hamu, hawa dagaa si wataoza?"

Kisha akaniambia, huku akigeuza dagaa wake, kwamba bibi mmoja niliyemhoji pia, tuliyekuwa tunakaa naye palepale juu ya ndoo, alifariki mwaka jana. Yule bibi ndiye aliyeniuliza kama maneno yake yatakuwemo kwenye kitabu, nikamwahidi yatakuwemo na nitakuja kumsomea. Mpaka kufa kwake alikuwa anawauliza wenzake kama yule mwalimu amerudi. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Tangu siku ile naandika. Leo ni siku ya kumi na tatu. Naamka, kabla ya chai nakaa, sisomi sentensi ya jana, naandika hata nusu ukurasa. Sina hamu hata kidogo. Naandika kwa aibu ya yule bibi na kwa hofu ya yule ng'ombe.

Lakini Desemba haiwezekani. Hata nikikabidhi kesho, watahini peke yao watachukua miezi. Mama ana miaka sabini na mmoja na ameshaalika kanisa zima. Lazima aambiwe, hilo nalijua. Ila najijua pia. Nikimwambia ukweli, Daktari akirudishwa kundini, hofu itaniisha, na hofu ikiisha nitarudi kupiga pasi mataulo. Nikinyamaza ili niendelee kuandika, mama ataaibika mbele ya watu kwa uongo wangu. Kila nikishika simu nimpigie naiweka chini, nafagia uwanja.

Nishaurini ndugu zangu, hasa mliopita njia hii. Nimwambie mama sasa, au nimalize kwanza hizi sura mbili ndipo niende kumpigia magoti? Ila tafadhali msiniandikie marefu. Ujumbe huu nimeuanza saa moja asubuhi, muda wa sura ya nne, na sasa hivi ni saa sita na nusu. Komenti zenu nitazisoma zote mpaka ya mwisho, najijua.