Kengele ya Babu Iliyozibwa Majani

Mwezi uliopita nilirudi Bukavu kumsaidia dada yangu kuhamisha vitu kwenye nyumba ya wazazi, kule juu Kadutu. Mlima unateleza kila mvua, na nyufa zimeshaingia hadi sebuleni. Nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari uleule wa zamani, nikaikuta kengele ya mbwa. Ni ya mti, nyeusi kwa moshi, mdomo wake umezibwa majani makavu. Nikaketi kwenye kigoda.

Huenda hujawahi kuona kitu hicho, basi ngoja nikueleze. Babu alikuwa mwindaji kijijini kwetu, Luhwindja. Mbwa wake walikuwa wadogo, wekundu, mikia imejikunja, na hawakujua kubweka. Kwa hiyo aliwavalisha kengele shingoni apate kujua wako wapi kichakani. Njiani aliziziba kwa majani aliyoyasokota ncha, zikae kimya. Porini aliyachomoa, na mbwa wakajua kazi imeanza. Mkono ulioziba ndio uliozibua. Ilikuwa desturi yao, na wengine hawakuthubutu kugusa.

Wakati wa vita babu alitoka asubuhi na mbwa wake wawili. Jioni mbwa walirudi peke yao, kengele zao bado zimezibwa. Maana yake hakufika porini. Wanaume walimtafuta njia nzima, hawakuona hata kofia yake. Ndipo bibi akaja kwetu mjini na kitita cha nguo na mbwa wale, dume na jike, amewafunga kamba ya mgomba.

Jirani yetu, maman aliyeuza makaa, alicheka hadi akashika mbavu. "Mbwa gani hii haisemage? Mwizi akikuja, itamuandikia barua?" Sisi hatukujali. Mama akikaanga dagaa wa sambaza, wawindaji wale walikaa mlangoni kwa adabu wakingoja vichwa vya samaki. Walitusindikiza bombani na vidumu vyetu, wakatungoja, wakaturudisha. Jike alilala miguuni pangu, na mimi niliyekuwa naogopa kila mlio nikaanza kulala. Nilimpenda yule mbwa kuliko nilivyowapenda watu wengi.

Ila jioni walinitisha. Waliketi uani wakielekeza pua upande wa Luhwindja, bibi kati yao, wote watatu kimya. Ukitaka kuigusa kengele, bibi alikuzuia. "Muache vile. Ni muzee alifunga, ni yeye atafungula."

Hapo ndipo yeye na papa, baba yetu, walipogombana. Papa alitaka misa ya marehemu isomwe, mama yake alie, apumzike. Bibi alikataa katakata kumwombea mtu aliye hai. Basi siku ya komunyo ya kwanza ya dada, wageni wamejaa, papa akawaogesha mbwa, na kwa mkono wake akachomoa majani yote.

"Maman, vita iliisha," akasema kwa upole. "Tumulilie sasa."

Kengele ikalia, ko. Mbwa wakasimama, masikio juu. Kisha wakapenya uzio, wakateremka mlima, na tukazisikia kengele zikipita kati ya nyumba za watu hadi zikapotea. Bibi hakupiga kelele. Alikaa chini na sahani yake ya wali mkononi, asile.

Baada ya majuma kadhaa dume alirudi, mbavu nje, nyayo zimechanika. Jike wangu hakuwa naye. Alipita mlangoni kimya, na bibi ndiye aliyetambua kwa nini. Kengele ilikuwa imezibwa tena, kwa majani mabichi, yamekunjwa na kusokotwa ncha.

"Ni batoto ba kuchunga ngombe," papa akasema. "Makelele ilibachokesha."

Bibi alimpa kengele. Papa utotoni ndiye aliyembebea babu kengele hizo. Akaigeuza, akautazama ule msokoto, akaupapasa kwa kidole. Akaitundika kwenye msumari. Habari ya misa hakuitaja tena maishani mwake.

Usiku ule nililia kwa ajili ya jike. Bibi akanishika kichwa. "Nyamaza. Alibakia na muzee. Muzee hawezi lala peke yake."

Sasa wote wamekwenda, bibi, papa, mama, na dume yule tangu zamani. Luhwindja wanachimba dhahabu palipokuwa na kichaka, na sijui kama yuko mtu anayejua tena kuziba kengele. Siku ile jikoni mtoto wa dada alinyoosha kidole ayavute majani. Mimi na dada tukapiga kelele pamoja, watu wazima sisi, hadi mtoto akaangua kilio.

Jumapili tulikwenda parokia kuomba misa ya marehemu wetu. Padri akauliza majina. Nikamtajia la bibi, la papa, la mama. Akangoja, kalamu mkononi, akauliza kama ni hao tu. Dada akanitazama. Nikasema ndiyo, ni hao tu.