Safari ya Kumfuata Atupele

Kilichoniondoa Mbeya ni barua. Binti yetu Atupele, wa miaka kumi na sita, alikuwa akisoma shule ya bweni Iringa. Likizo ya Juni ilipofika, badala ya kurudi kwetu Ilomba, alituandikia kwamba atabaki kijijini kwa kina Skola, rafiki yake, awafundishe watu wazima kusoma. Hakuomba ruhusa, alitupa taarifa tu.

"Kesho namfuata," nilimwambia mke wangu. "Nitarudi naye."

Saa kumi na mbili asubuhi basi liling'oa nanga, baridi ikiuma masikio. Igawa tuliposimama nilinunua mchele wa kuwapelekea wenyeji, maana hata mwenye hasira haendi ugenini mikono mitupu. Kuanzia hapo mpaka Makambako, penye ule upepo wake, nilikuwa napanga maneno ya kumgombeza.

Alasiri niliteremka kabla ya kufika Iringa mjini, nikatembea hadi kijijini. Mama Skola alinipokea mzigo, akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, baba! Mwalimu yuko darasani." Nilishangaa mwalimu gani, mpaka aliponipeleka kwenye banda la kanisa.

Atupele aliniona mlangoni. Nilidhani ataacha chaki aje mbio. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Naomba ukae, namalizia."

Nikakaa benchi la nyuma, katikati ya bibi wawili.

Mara mzee mmoja akatupa kalamu yake chini. "Nina wajukuu wanaokuzidi umri! Unanifutisha mara tatu?"

Niliinuka nimtetee mwanangu. Atupele akanitazama mara moja, nikakaa. Aliiokota kalamu, akamrudishia mzee kwa mikono miwili.

"Ni kweli, babu, mimi ni mdogo. Lakini herufi hii umeigeuza. Nikiiacha hivi nitakuwa nimekudanganya."

Mzee alinung'unika Kihehe, wenzake wakacheka. Akaandika tena.

Jioni, baada ya ugali, tulibaki wawili jikoni.

"Nimekuja kukuchukua," nilisema, ila sauti yenyewe haikuwa na nguvu.

"Najua, baba. Nilikosea kutoomba ruhusa. Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa kweli."

"Basi sasa naomba. Zimebaki wiki tatu."

Nilichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Kaa. Ila uandike kila wiki, mama yako asikose usingizi."

"Mama peke yake?"

"Na mimi."

Kesho yake nilirudi peke yangu. Kwenye kiti cha pembeni yangu, nilichokuwa nimemwekea Atupele akilini, alikaa mwanamke mwenye kuku. Njiani nilikiri jambo ambalo baba yangu hakunifundisha: mtoto anaweza kukukatalia na bado akakuheshimu, na ukimtetea kila mara hutajua kwamba anajiweza.

Nyumbani mke wangu alichungulia nyuma yangu, hakuona mtu. Machozi yakamlengalenga. Nikamsimulia habari ya mzee na kalamu.

"Mtoto wangu alisema hivyo?" aliuliza, akijifuta kwa kanga. "Hebu rudia."

Nilirudia mara tatu, chakula kikapoa mezani.